Nizikeni Ng'ambo

Sura ya Sita

Mlango wa kwanza ulikuwa na sifuri. Wa pili sifuri. Nyumba ya tatu haikuwa na mlango kabisa, lakini nayo ilikuwa imepewa sifuri yake ukutani, kwa chaki nyeupe, duara lililochorwa na mkono usiotetemeka.

Inspekta alishuka mtaa ule polepole, mikono mgongoni, Sajini nyuma yake akipiga chafya. Ilikuwa saa tatu asubuhi na ukungu ulikuwa bado umelala juu ya mto. Miaka sita iliyopita mto huo ulifurika, watu wakabeba vyombo vyao wakahamia kule juu vilimani, na hawakurudi tena. Madirisha mengine yalikuwa bado na mapazia. Kwenye kibaraza kimoja ndala za mtoto zilikuwa zimepangwa sawasawa, zimejaa tope kavu, utadhani mwenyewe ameingia ndani mara moja kunywa maji.

"Watu elfu nne na mia mbili," Sajini alisema, akisoma kwenye karatasi ya Tume ya Mipaka. "Wakazi wa mtaa huu. Imeandikwa hapa."

"Wewe umeona wangapi?"

"Nimeona paka, afande."

"Paka hapigi kura."

"Kwa karatasi hizi, ningemwuliza kwanza."

Inspekta hakucheka. Kazini walimwita Mama Kwanini, na hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka hamsini na mbili ambaye jambo likimkaa kooni halishuki wala halitoki, na hili lilikuwa limemkaa tangu Jumatano. Asubuhi hiyo mchora ramani wa Tume alikutwa amekufa maji chini ya daraja la miguu, na juu ya meza yake ofisini kulikuwa na barua. Leo ilikuwa Ijumaa. Saa kumi alasiri Mwenyekiti wa Tume angetia saini ramani mpya ya majimbo ya Baraza la Mkoa, na saa hiyohiyo marehemu angeshushwa kaburini. Baada ya hapo jalada lingefungwa, na mtu yule angebaki milele ni mtu aliyejiua.

Barua yenyewe ilikuwa fupi, imepigwa chapa. Inspekta alikuwa ameshaihifadhi kichwani. *Ramani niliyoiacha mezani ni sahihi, mipaka yote nimeitembea kwa miguu yangu. Msimlaumu mtu. Nimechoka. Nizikeni ng'ambo.* Chini yake ulikuwa umegongwa muhuri wa marehemu: IMEPIMWA.

"Mimi kinachonishinda ni huo muhuri," Sajini alisema. "Mtu anakwenda kujitupa mtoni, anasimama kwanza anagonga muhuri?"

"Katibu wa Tume anasema alikuwa mtu wa utaratibu."

"Hata mimi ni mtu wa utaratibu. Siku yangu ikifika sitagonga kitu."

Nyumba ya mwisho kabla ya mto ilikuwa na moshi. Mlangoni, kwa chaki ileile, palikuwa pameandikwa 2.

Mama wa marehemu aliwakaribisha kwenye viti viwili, yeye akakaa mkekani. Hakuwa analia. Viatu vya kutembelea vya mwanawe vilikuwa kando ya kizingiti, vimepigwa brashi, vidole vimeelekea nje. Jamaa aliishi hapa na mama yake maisha yake yote, na kila asubuhi kwa miaka kumi na tisa alivuka daraja kwenda ofisini. Kazini walimwita Rula, kwa sababu ya mistari yake na pia kwa sababu alikuwa hapindiki.

"Hizi sifuri milangoni, mama," Inspekta alianza. "Ni zake?"

"Za kwake. Jumamosi na Jumapili nzima. Anabisha hodi, anangoja, anabisha tena, halafu ndiyo anaandika. Nikamwambia, mwanangu, nyumba hizi unajua hazina watu, unabisha kwa nani? Akaniambia, mama, siwezi kuandika kitu ambacho sijakiuliza."

"Na alikuwa anaandika mahali pengine?"

"Kwenye kidaftari chake cha mfukoni. Chenye jalada jekundu."

Inspekta alimtazama Sajini. Katika vitu vilivyotolewa mifukoni mwa marehemu hapakuwa na daftari lolote, na habari hiyo hawakumpa mtu.

"Jumanne alitoka hapa vipi? Alikuwa na huzuni?"

"Alikuwa na hasira. Akanywa chai amesimama. Akasema, leo nakwenda ng'ambo kuwaambia hao watu waache kunihesabia watu waliohama. Huyo akatoka."

Inspekta aliinua uso. "Ng'ambo? Alisema anasafiri nje ya nchi?"

Kwa mara ya kwanza yule mama alitabasamu, kidogo tu. "Nje ya nchi wapi, mwanangu. Ng'ambo, kwenu huko. Mjini."

Nje, karibu kabisa na ukuta, sauti ikasema hodi. Inspekta aliisikia vizuri. Sajini naye aliisikia, maana aligeuka pamoja naye. Inspekta akainuka, akafungua mlango. Njia ilikuwa tupu hadi mwisho, ukungu na sifuri.

"Usijisumbue," mama alisema kutoka mkekani. "Huwa wanapita."

"Akina nani?"

"Majirani."

Sajini hakupiga chafya tena hadi walipoondoka.

Inspekta alirudi kukaa, safari hii taratibu zaidi. "Mama, niambie. Kwa nini kaburi limechimbwa mjini, kwenye makaburi ya manispaa? Nilifikiri umeogopa maji."

"Baba yake amelala hapo nyuma ya nyumba, maji yalikuja yakaondoka na hayakumgusa. Mimi nilimtengea nafasi pembeni yake." Alinyoosha mguu mmoja, akaukunja tena. "Lakini Katibu wake mwenyewe alikuja akanisomea barua. Mwanangu kasema azikwe ng'ambo. Kwa watu asiowajua. Sijui nilimkosea nini. Nimeambiwa alijiua, hilo nimelimeza. Ila hili la kukataa kulala na sisi, limenishinda."

Hapo ndipo machozi yalipomtoka, na Inspekta akaona uchungu wa kweli ulikuwa wapi. Alitaka kumshika mkono. Badala yake akasema, "Kaburi lile lisubiri. Msimteremshe mpaka nirudi."

Nje alisimama ukingoni akautazama mji upande wa pili: jengo la Tume, mnara wa maji, kituo chake mwenyewe cha polisi. Maisha yake yote mahali hapa aliposimama ndipo palipokuwa ng'ambo.

"Ni mama tu anayesema hivyo, au hata yeye?" alisema.

"Afande?"

"Mtu aliyefanya kazi mjini miaka kumi na tisa. Je, na yeye alibaki kusema kama mama yake? Twende kwa mpiga chapa wa Tume."

Sajini alikunja uso. Mpiga chapa ndiye aliyekuwa mshukiwa wake tangu Jumatano. Barua ilitoka kwenye mashine yake, na wafanyakazi watatu walisikia yeye na Rula wakipigiana kelele Jumanne mchana hadi vioo vikatikisika.

Walimkuta chumbani kwake, mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, amezungukwa na mafaili. Hakuinuka.

"Mmekuja kunifunga?"

"Tumekuja kuuliza," Inspekta alisema. "Jumanne mligombana nini?"

"Alitaka niipige upya orodha ya jimbo la kumi na saba. Niandike watu ishirini na sita elfu na mia nne. Nikamwambia siwezi, Katibu ameagiza ibaki elfu thelathini na mia sita. Akasema, hao elfu nne na mia mbili wanahesabiwa mara mbili, mara moja vilimani wanakoishi, mara ya pili kwetu walikohama. Nikamwambia, Rula, mimi napiga chapa, sipigi hesabu." Alivuta pumzi. "Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia. Nikilala nayasikia."

"Jimbo likiwa pungufu ya elfu thelathini?"

"Linafutwa, linagawiwa kwa wenzake. Ndiyo sheria."

"Na kiti cha jimbo hilo nani anakimezea mate?"

Mpiga chapa alitazama mlango kabla ya kujibu. "Shemeji yake Katibu ameshachapisha hadi picha za kubandika ukutani. Mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu. Ufunguo wa chumba hiki nani anao?"

"Mimi. Na Katibu."

Sajini alijitia ukali. "Kwa hiyo barua uliipiga wewe au Katibu. Na Jumanne jioni wewe ulichelewa kutoka."

"Nilichelewa kwa sababu nililia chooni, kijana wangu. Hiyo nayo mwiko?" Akamgeukia Inspekta. "Hiyo barua sijawahi kuiona. Nasikia habari zake tu. Inasemaje?"

Inspekta alimsomea polepole, akimwangalia usoni. Alipofika mwisho, mpiga chapa alivaa miwani yake, akaivua.

"Rudia hapo mwisho."

"Nizikeni ng'ambo."

"Huo uongo," mpiga chapa alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Huyo siyo Rula. Ngoja."

Aliinama chini ya meza akaburuta sanduku. Kabla mpaka wowote haujawekwa kisheria, alieleza akifukua, mchora ramani huandika kwa maneno unaanzia wapi na unapita wapi. Rula aliandika kwa mkono, yeye akasahihisha kwa kalamu nyekundu, kisha akapiga nakala safi kwa ajili ya Katibu na Mwenyekiti. Akamwaga mezani rundo la karatasi zilizokunjamana.

*Mpaka unaanzia ng'ambo, penye kituo cha polisi.* Neno ng'ambo lilikuwa limekatwa kwa wino mwekundu, juu yake pameandikwa *ukingo wa mashariki*. Karatasi nyingine: *unafuata barabara ya ng'ambo hadi mnara wa maji*. Limekatwa. Nyingine, ya miaka kumi na minne iliyopita. Limekatwa.

"Miaka kumi na tisa nimepigana naye kwa neno hilo moja," mpiga chapa alisema. "Namwambia, Rula, ng'ambo ni huko kwenu, ukubali yaishe. Amekaa kwenye kiti hicho ulichokalia wewe, ananijibu, 'Ng'ambo ni hapa nilipo sasa hivi.' Na sisi wengine alikuwa akitutania, mkinizika huku ng'ambo nitawasumbua hadi mhame." Alijaribu kucheka, sauti ikakatika. "Ningeiandika mimi hiyo barua, ningejua niandike nini."

Inspekta aliinua karatasi moja kwenye mwanga. "Kwa hiyo kituo changu kiko ng'ambo."

"Kwake yeye, ndiyo. Wewe mwenyewe ni mtu wa ng'ambo."

"Hizi zenye wino mwekundu, Katibu aliwahi kuziona?"

"Za nini? Yeye huletewa nakala safi tu. Hakuwahi kusoma hata mstari mmoja ulioandikwa na mkono wa Rula."

Sajini aliomba radhi mlangoni, kwa sauti ndogo, na mpiga chapa akampungia mkono aende zake.

Ilikuwa saa tisa na nusu walipoingia kwa Katibu. Alikuwa mtu mrefu mwenye sauti laini, anapanga kalamu tatu kando ya ramani kubwa iliyotandikwa mezani. Nyuma yake dirisha lilitazama mto. Ukungu ulikuwa umerudi, na kule upande wa pili zilionekana paa chache tu.

"Inspekta, nusu saa imebaki na Mwenyekiti yuko njiani. Unaona mwenyewe hali ilivyo."

"Sitakaa. Nimetoka kwa mama wa marehemu, nikaona jambo dogo halijakaa sawa. Marehemu aliomba azikwe wapi?"

"Si iko kwenye barua."

"Mama yake kachimba kaburi mjini."

Katibu alitikisa kichwa kwa huruma. "Maskini, mama hakuelewa. Nilimsomea, lakini kwa majonzi yale mtu anasikia nini? Mwanawe alitaka kulala kwao, kando ya baba yake. Aliwahi kuniambia hata kwa mdomo. Jumatatu, alisimama hapo ulipo. Akasema, bosi, nikifa nizikeni ng'ambo."

"Kwa maneno hayohayo?"

"Hayohayo. Siwezi kuyasahau."

"Na ng'ambo ni wapi?"

Katibu alimtazama kama anayeulizwa jina lake. Akageuka, akanyoosha kidole dirishani, kuelekea zile paa ndani ya ukungu. "Kule."

Sajini aliandika. Kalamu yake ilisikika.

Inspekta alizitandaza zile karatasi juu ya ramani, moja baada ya nyingine, mpaka jimbo la kumi na saba likafunikwa lote. "Kule ni ng'ambo kwako. Kwangu pia. Kwake yeye palikuwa kwao. Soma. Miaka kumi na tisa, na hajateleza hata mara moja. Ng'ambo yake ni hapa, ofisini kwako. Mpiga chapa alikuwa akimsahihisha kabla hujaletewa, ndiyo maana hukujua. Mama yake ndiye pekee aliyeielewa barua ile kama mwanawe angeiandika, akaenda kumchimbia kaburi kwa wageni."

Katibu alisoma karatasi ya kwanza. Akasoma ya pili. Kijasho chembamba kilianza kumtoka juu ya mdomo.

"Mtu anaweza kubadili usemi. Akiwa na mawazo."

"Anaweza. Lakini ukweli wa huo mtaa hakuubadili. Alikuwa ameshauandika."

"Daftari limekwenda na maji," Katibu alisema haraka. "Hamna ushahidi wa—"

Akaanza kuzipanga upya zile kalamu tatu.

"Nani amekwambia habari za daftari?" Inspekta aliuliza kwa upole. "Mimi nilikuwa nasema milango. Ameandika kwa chaki kwenye milango yote ya mtaa ule. Wewe tangu Jumanne hujavuka ukaangalia, isipokuwa kwenda kwa mama yake, na nadhani ulipita umeinamisha kichwa."

Katibu alikaa. Alikaa vibaya, nusu ya kiti. "Ulikuwa ukungu," alisema, na sasa sauti haikuwa laini tena. "Nilimngojea darajani. Nilitaka daftari tu. Nikalivuta, akaling'ang'ania, akalivuta na yeye. Kidaftari cha mfukoni, Inspekta! Kama cha watoto! Nani anang'ang'ania kitu kama kile?" Alifunika macho. "Kamba ya pembeni ya daraja lile iko chini sana. Hakupiga hata kelele. Nimekuwa nikisubiri apige kelele tangu siku hiyo."

Inspekta alimwambia Sajini amsomee haki zake, akaondoa karatasi za Rula juu ya ramani kwa mikono miwili, asizikunje. Mwenyekiti alipofungua mlango saa kumi kamili, alikuta meza, kalamu tatu, na mtu wa kumweleza kwa nini hatatia saini leo.

Jeneza lilivushwa daraja la miguu saa kumi na moja. Habari zilikuwa zimetangulia vilimani. Watu wa mtaa wa zamani walishuka kumzika mwenzao, wazee, wanawake na watoto ambao hawakuwahi kupaona, na walipofika kila familia ilipita kwanza kwenye nyumba yake ya zamani, ikasukuma mlango wenye sifuri, ikaingia. Kwa muda wa saa moja mtaa ulijaa sauti. Waliitana kutoka madirishani. Mama mmoja alitoka na zile ndala ndogo, amezikumbatia. Kisha wote wakaenda nyuma ya nyumba ya mwisho, wakamlaza Rula kando ya baba yake.

"Mia tatu na sitini na kitu, afande," Sajini alinong'ona.

"Nani kakuambia uhesabu?"

"Nimejikuta tu."

Walipoondoka wote, mtaa ulirudi kwenye kimya chake mara moja, kama haukuwahi kusikia mtu. Inspekta alibaki mlangoni na yule mama. Alikuwa na kazi moja bado. Jumatatu angetakiwa kupeleka kwa Tume idadi kamili ya wakazi, nyumba kwa nyumba, kama milango inavyoonyesha, na mlango huu haukuwa sahihi tena. Alitoa kitambaa mfukoni, akautazama ule mwandiko, akakosa namna ya kuanza.

"Mama. Hii mbili."

"Hakusema azikwe kwenu?" mama aliuliza. "Una hakika?"

"Hakusema. Hakuandika neno lile, na wala hakujiua."

Mama alishusha pumzi aliyokuwa ameishika tangu Jumatano. Akachukua viatu vya mwanawe pale kizingitini, akavigeuza, vidole vikaelekea ndani.

"Basi iache kama ilivyo," alisema. "Tuko wawili."

Inspekta alirudisha kitambaa mfukoni.